Mgeni wa Kibaigwa aanzie sokoni

Kila mwaka mavuno yanapoanza kuingia Kibaigwa, simu kutoka kwetu Makueni huwa nyingi. Ndugu wanataka kuja kutembea. Wanauliza kama treni mpya inapita hapa, kama tutakwenda kuliona Bunge, kama Serengeti iko njiani, na wengine wanataka kujua kama Zanzibar unaweza kwenda asubuhi ukarudi jioni. Nawajibu kwamba treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, inapita kusini mwetu, upande wa Gulwe na Igandu, na kwamba Serengeti na Zanzibar ni safari nyingine kabisa zenye nauli yake. Kisha nawaeleza ratiba yangu: siku ya kwanza tunakwenda sokoni kuangalia mahindi.

Wengi hunyamaza kidogo. Mtu apande basi kutoka Kenya, avuke mpaka, alale njiani, aje kuangalia mahindi ambayo amekula tangu azaliwe? Ndiyo. Mgeni wa Kibaigwa asipoanzia sokoni hajafika Kibaigwa, hata kama amelala hapa wiki nzima.

Mimi ni Mkamba niliyeolewa Ugogo. Mume wangu ni mtu wa Kongwa, ana ghala la nafaka, na mimi ndiye ninayeshika daftari: magunia mangapi yameingia, ni ya nani, yamekauka kiasi gani, yametoka kwenda wapi. Nimezaa hapa na nimezika hapa, na watoto wangu wanazungumza Kigogo na bibi yao vizuri kuliko wanavyozungumza Kikamba na mimi. Mji huu umenipokea. Ndiyo maana inaniuma ninapoona wahamiaji wenzangu, na hata wenyeji, wakiwatorosha wageni wao. Ndugu akifika kutoka nje, alfajiri anapakiwa kwenye basi kupelekwa Dodoma, kilomita 100 hivi, apige picha nje ya Bunge, auone Msikiti wa Gaddafi, anywe soda Nyerere Square, arudishwe usiku kulala. Kesho yake anaondoka. Amebeba picha za mahali ambapo mwenyeji wake haishi, hafanyi kazi na hajulikani.

Najua sababu yake. Kibaigwa ni mji mdogo wa barabarani, wilaya ya Kongwa, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Dodoma. Hauna ufukwe, hauna mlima wa kupanda, hauna jengo ambalo mtu angesafiri kwenda kulipiga picha. Maelfu ya abiria wanaufahamu kwa dakika chache tu ambazo basi husimama, wakanyoosha miguu, wakanunua karanga dirishani na kuendelea. Mwenyeji anaona haya. Anadhani mgeni atasema, kumbe ndiko ulikohamia? Basi anamwahisha mahali penye majina makubwa kabla hajapata nafasi ya kusema.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenithibitishia kwamba haya hiyo haina msingi. Yeye ni mkulima wa Makueni, mjane, mama aliyesomesha watoto kwa mahindi, kunde na mbaazi kwenye ardhi ambayo mvua inaikwepa. Alikuja kwetu baada ya barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kuzinduliwa Aprili 2018. Alipita Namanga, Arusha, Babati, Kondoa. Pale Kolo basi lilipita bila kusimama, karibu na vilima vyenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, naye hakuambiwa chochote hadi alipofika kwangu. Alifika usiku, amechoka, miguu imevimba. Asubuhi nilipomwambia twende sokoni alikuwa ameshajifunga kitambaa na kuvaa viatu. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu, lakini shangazi hakutaka kusubiri.

Msimu ukiwa umechanganya, malori yanajipanga tangu usiku. Fuso zimetoka Kiteto na vijiji vya huku kwetu na kwa jirani zetu wa Gairo, zinashusha. Semi-trela za safari ndefu zinapakia. Mahindi ndiyo mengi, lakini kuna alizeti, mtama, uwele, karanga na choroko. Pumba jepesi la mahindi linaning'inia hewani na kutua kwenye kope za makuli, wote wanaonekana wameota mvi. Chini ya miti wamekaa mama lishe na sufuria za chai. Madalali wanaongea na simu mbili mbili.

Nilimpeleka shangazi kwenye rundo la magunia lililokuwa likipimwa ubora. Dalali alikuwa na bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji na ncha kali. Anachoma gunia ubavuni, analiinamisha bambo, punje zinateleza zenyewe hadi kiganjani. Hachomi mahali pamoja. Anachoma juu, anachoma katikati, anachoma chini karibu na sakafu, kwa sababu gunia linaweza kuwa na uso mzuri na tumbo baya. Mnunuzi anachukua punje moja anaitia kwenye magego. Punje iliyokauka inapasuka kwa mlio. Yenye maji inabonyea, na hapo bei inaanza kushuka au mzigo unarudi kwenye turubai kuanikwa. Kuna vipima unyevu siku hizi, na kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, lakini jino bado linaheshimiwa na hata mwenye kipimo huanza nalo.

Shangazi aliangalia magunia mawili yakichomwa. La tatu aliliombea bambo mwenyewe. Dalali, kijana wa umri wa wajukuu zake, alimtazama usoni, akampa kwa mikono miwili. Shangazi akachoma chini kabisa, akamwaga punje kwenye kiganja, hakuziuma. Alizinusa. Akazigeuza moja moja kwa kidole gumba, akiangalia ile sehemu ya chini ya punje inayoshika kwenye gunzi, mahali ambapo ukungu huanzia. Alichukua muda mrefu hata wanunuzi wawili wakasogea. Kisha akasema haya ni safi, akamrudishia kijana chuma chake, akauliza mwenye mzigo yuko wapi ampe mkono. Toka hapo hakuna aliyemwita mgeni. Walimwita mama.

Wasomaji wa huku huenda wasielewe kwa nini alinusa. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, watu walikula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Waliougua walikuwa 317, wakafa 125. Shangazi alizika majirani. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyovunwa na unyevu na kuhifadhiwa ndani kwa kuogopa wezi na njaa. Tangu hapo hajawahi kupokea mahindi ya mtu yeyote bila kuyanusa. Wala balaa hilo si letu peke yetu. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo ilipiga hapa katikati ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 wakaugua na 20 wakafa. Mama mmoja wa kupepeta pale sokoni alitoka upande huo uliopigwa. Alipomwona shangazi anavyogeuza zile punje, aliweka ungo chini akamsogelea. Hawakuhitaji mimi niwatambulishe.

Wale akina mama wa kupepeta ndio ninaotaka kila mgeni akae nao. Wanapatana na mwenye mzigo kusafisha magunia yake: wanachekecha, wanapepeta, wanatoa vipande vya gunzi, mawe, punje zilizooza na zilizotobolewa. Kazi yao ndiyo inayotenganisha chakula na hatari, maana sumukuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa, lakini punje iliyovunjika, iliyooza au iliyobadilika rangi ndiyo inayoibeba zaidi kuliko nyingine. Wanakaa juani kutwa na khanga zimefunika pua. Shangazi alikaa nao hadi adhuhuri. Walizungumza juu ya kuanika kwenye turubai badala ya udongo, juu ya mifuko isiyopitisha hewa, juu ya dumuzi anayetoboa nafaka, juu ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, juu ya wana wanaouza mahindi yote ya nyumbani mwezi wa mavuno na kuyanunua kwa bei mbaya Februari. Alikubaliana nao kwa karibu kila kitu, wakabishana juu ya majivu tu. Yeye anaamini majivu ya kuni fulani yanazuia dumuzi. Wao wakasema jaribu kwa debe moja kwanza.

Wakati tunatoka, kuli mmoja alikuwa anakuja mbele yetu na gunia la kilo 100 begani, shingo imelala upande, jasho linamtiririka kifuani. Njia ilikuwa nyembamba kati ya malori mawili. Alimwona mzee, akapunguza mwendo, akasema "Shikamoo mama" na mzigo wake, akangoja aitikiwe ndipo akapita. Shangazi alisimulia jambo hilo Makueni kuliko yote aliyoyaona Tanzania.

Mtu anayesafiri kumtembelea mtoto wake au ndugu yake aliyehamia mbali ana swali moja moyoni, hata asipolitamka: huko uliko, una watu? Ukiugua usiku, nani atagonga mlango? Ukifiwa, nani atakaa mkekani? Majengo hayajibu swali hilo. Binamu yangu ni muuguzi Uingereza. Mama yake aliporudi kutoka kumtembelea alituonyesha picha ya Tower Bridge kwa haraka, kisha akasimulia mchana kutwa juu ya kituo cha basi ambapo mwanawe husubiri saa za zamu ya usiku, mama wa Kijamaika anayesubiri naye, na jinsi mama huyo alivyomkumbatia. Hicho ndicho alichokuwa amekifuata. Shangazi naye aliponiona ninasalimiwa kila hatua sokoni, nikiulizwa habari za homa ya mtoto, nikikumbushwa deni la mtu, nikiambiwa "Mbukwenyi" na wazee wa Kigogo, aliacha kuuliza lini nitarudi kwetu.

Lipo jambo lingine zito zaidi linalonifanya niandike gazetini badala ya kulisema nyumbani tu. Mahindi ya Kibaigwa yanaliwa Kenya, na mahindi hayo yamekuwa chanzo cha maneno makali kati ya nchi zangu mbili. Juni 2017 Tanzania ilizuia mahindi yasiyosagwa kwenda nje. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia kwa sababu ya sumukuvu. Siku tano baadaye ililegeza kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi na viongozi wakazungumza vizuri. Lakini zile siku za Machi mimi nilizipitia na simu mbili mkononi. Upande mmoja ndugu walisema mahindi yenu yana sumu. Upande wa pili wateja wa ghala walisema Wakenya wana dharau, waache wale ngano. Watu ambao hawajawahi kuonana walikuwa wanatukanana kupitia kwangu.

Shangazi hakushiriki. Alisimama kwenye kikao cha akina mama kanisani kwao akasema yeye ameyachoma mahindi ya Kibaigwa kwa mkono wake na ameyanusa, anawajua wanaoyapepeta, nao wanaogopa sumu hiyo kama sisi kwa sababu imewaua pia. Akaongeza kwamba kupima ni sawa, yapimwe, na ya Makueni yapimwe vilevile. Sijasikia kauli yenye haki kuliko hiyo kutoka kwa mkubwa yeyote wa pande zote mbili katika siku zile. Aliipata wapi? Aliipata kwenye asubuhi moja ya kukaa juani na wapepetaji. Ninaamini kabisa kwamba kama wanunuzi wa unga wa Nairobi, Machakos na Mombasa wangekuwa na jamaa hata mmoja aliyewahi kushika bambo hapa, na kama wakulima wetu wa Kongwa na Kiteto wangewahi kumpokea mama mmoja aliyezika watu mwaka 2004, lile zuio lingejadiliwa kwa lugha nyingine.

Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwamo kununua mazao shambani. Watu wa kwetu Kenya waliipokea vibaya. Mimi naielewa. Mkulima anayefuatwa shambani na mgeni mwenye fedha taslimu, hana mzani, hajui bei ya soko, ana ada ya shule ya kulipa, huuza kwa hasara, tena kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Lakini amri hiyo ina maana moja ambayo Kibaigwa tunapaswa kuitafakari: sokoni ndipo mahali ambapo mnunuzi wa nje na mkulima wanakutana kihalali, uso kwa uso, mzani ukiwa katikati yao. Mahali kama hapo panastahili kutunzwa na kutandikwa kama sebule.

Wapo wanaoniambia soko ni mahali pa kazi, wageni watasumbua, lori litawakanyaga. Hoja hiyo ina uzito na ndiyo maana sipendekezi watu wazurure. Wenzetu wamelitatua tatizo hilo. Kule Aalsmeer, Uholanzi, kwenye mnada mkubwa wa maua, wageni hutembea kwenye njia iliyoinuliwa juu ya sakafu ya kazi, wakiangalia chini mikokoteni ya maua ikipita, yakiwamo mawaridi kutoka Naivasha. Tokyo walipohamishia soko lao la samaki Toyosu mwaka 2018, walijenga mahali pa wageni kusimama na kuangalia mnada wa jodari bila kumgusa mtu. Hizo ni nchi zenye fedha, najua, lakini walichotangulia kuwa nacho ni imani kwamba kazi ya kuuza samaki na maua inafaa kutazamwa. Sisi tunahitaji kibanda chenye kivuli mahali ambapo malori hayapiti, mabenchi, choo safi, ubao mkubwa wa bei za siku unaosomeka vizuri, na kijana mmoja au wawili wa hapa hapa waliofundishwa kueleza: gunia hili limetoka wapi, linapimwaje, linakwenda wapi, nani amelisafisha. Vijana waliomaliza kidato cha nne na wanakaa stendi wakingoja abiria wa bodaboda wapo wengi. Wapepetaji wenyewe wangefanya kazi hiyo vizuri zaidi, na walipwe.

Baada ya soko, siku ya pili, nawapeleka wageni Kongwa. Tunapanda gari hadi Mbande, kisha tunakata kushoto. Hapa pia wenyeji wengi hushangaa, wanasema Kongwa kuna nini. Kuna mambo ambayo vitabu vya dunia vimeyaandika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, ikapanga kulima ekari zaidi ya milioni 3 Kongwa, Urambo na Nachingwea ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Walileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru. Mibuyu na vichaka viliwashinda, mizizi ikavunja majembe, na udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, karanga zikabaki chini hazichimbiki. Mvua haikuja walivyotarajia. Mwanzoni mwa mwaka 1951 waliacha, zikiwa zimepotea pauni milioni 36 hivi. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walikuwa wanalima uwele na mtama na kufuga ng'ombe kwa sababu waliijua mvua ya Desemba hadi Aprili inavyobadilika. Hilo ndilo ninalowaeleza wageni tukiwa tumesimama pale, huku upepo unavuma vumbi jekundu, na wakulima kutoka Ukambani hulielewa haraka kuliko mtu yeyote.

Miaka zaidi ya kumi baadaye ardhi hiyo hiyo ikapokea wageni wa namna nyingine. Kuanzia mwaka 1964 Kongwa ilikuwa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe. Samora Machel alikuwa hapa kabla hajawa rais wa nchi yake. Wengine walikufa na kuzikwa hapa wakiwa mbali na kwao. Mimi niliyeolewa mbali na kwetu, makaburi yao nayatembelea kwa heshima ya pekee. Wanakijiji wa Kongwa waliishi na vijana hao, waliwauzia kuku na mahindi, wengine wakaoana nao. Mgeni wangu akifika anaelewa kwamba watu wa huku hawakuanza leo kupokea watu wa nje.

Dodoma tunakwenda siku ya mwisho. Sina neno baya nalo. Ni makao makuu yaliyoamuliwa mwaka 1973 na kuthibitishwa kwa sheria mwaka 2018, na ndugu zangu wa Kenya wanafurahi kuona mji unaojengwa upya mbele ya macho yao. Ikiwa ni msimu wa zabibu tunanunua njiani. Lakini hapo wanakuwa wameshakula mlenda na ugali wa uwele kwa mama mkwe wangu, wameshaonja vumbi la mahindi, na wanaliangalia Bunge wakijua wanaotungiwa sheria mle ndani ni akina nani.

Nawaomba basi wenye dhamana ya mji wetu mdogo na ya wilaya, msimu ujao kabla malori hayajajaa, watenge hicho kivuli na hao vijana wa kueleza. Nawaomba pia wafanyabiashara wenzetu wenye maghala tuchangie mabenchi, mimi na mume wangu tumeshakubaliana tutatoa mawili. Mradi wa kupambana na sumukuvu, TANIPAC, uliichagua Mtanana, hapa hapa wilayani kwetu, kujenga kituo cha kufundishia utunzaji wa mazao baada ya mavuno, na ningependa wageni wetu wakulima wapelekwe huko kama tunavyowapeleka viongozi.

Shangazi amepiga simu. Anakuja Julai na kikundi chake cha akina mama wakulima, basi dogo zima, wengine hawajawahi kuvuka mpaka. Wameandika wanachotaka kwa mpangilio: soko, wapepetaji, Mtanana, Kongwa. Wanaleta mbegu za mbaazi za kubadilishana, na wale akina mama waliobishana naye juu ya majivu wanatafutwa, kwa sababu shangazi amejaribu kwa debe moja na ana majibu.